Kidole Gumba cha Mize

Hapo zamani, lakini mitungi ya hewa ilikuwa imeshavumbuliwa, aliishi mama mmoja jina lake Bi Zuwena. Kazi yake ilikuwa kuzamia na kufundisha watu kuzamia. Mawe ya chini ya maji aliyajua kama wewe unavyovijua vyungu vya mama yako. Kitu kimoja tu kilimshinda. Miaka saba alimtafuta samaki chura, yule anayetembea chini kwa mapezi kama mtoto anayejifunza, na kichwani ana kijiti chenye chambo cha kuvulia samaki wenzake. Miaka saba, hakumwona.

Alikuwa na wanafunzi watatu: Mize, Faki na Vuai. Pia alikuwa na seti moja ya kuzamia, ya marehemu mumewe, nzima kabisa, kuanzia vesti ya kuelea mpaka mapezi ya miguuni. Atakayepewa seti ile ndiye atakayekuwa mwenzake wa kazi. Wengine wawili watarudi kwao kuanika mwani. Wote watatu walikuwa wameanika mwani wa kuwatosha.

Kila asubuhi Bi Zuwena aliwauliza, "Kidole gumba juu?"

"Kupanda!"

"Akionyesha mmoja?"

"Tunapanda wote!"

"Kuuliza?"

"Hakuna!"

"Kubishana?"

"Hakuna!"

"Na mambo yakiwa mazuri?"

"Duara!" wakajibu, wakikutanisha kidole gumba na cha shahada.

Mize ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Likumbukeni hilo.

Siku moja Vuai aliamka na mafua.

"Wewe utabaki botini," Bi Zuwena akamwambia. "Pua ikiziba, masikio yatakuuma."

"Bi Zuwena, mafua yenyewe madogo."

"Na masikio yako makubwa. Kaa."

Wakakaguana. Faki akamkagua Mize vesti, mkanda wa risasi wa kuongeza uzito, vifungo na hewa. Mize akamkagua Faki. Kisha Faki akamgeukia mwalimu. "Zamu yako, Bi."

"Mimi? Nimeanza kuzamia wewe hujaota meno!"

Vuai akauliza, "Basi niutundike mtungi wa akiba majini, kwenye kamba ya boti?"

"Wa nini? Tunakwenda kuzamia, hatwendi kuanika nguo. Uache hapo hapo." Akajitosa.

Kumbe geji ya Bi Zuwena, kile kipimo cha hewa, ilikuwa imekwama. Seti yake alikuwa hajaifungua tangu alipozamia jana. Mtungi una nusu tu, mshale unasema umejaa. Kule chini kila alipoutazama, mshale hausogei. Mtu mwingine angeshtuka. Bi Zuwena alifurahi. Akamsogezea Faki ile geji usoni kama anayesema: tazama, mwanangu, hivi ndivyo mtu anavyojua kupumua.

Kwenye mita kumi na nane, chini ya jiwe, sifongo la manjano likapiga miayo. Miayo! Mize akatazama vizuri. Lina macho. Lina kijiti kichwani. Akamgonga Bi Zuwena begani, na Bi Zuwena akamwona samaki chura wake. Mize kwa furaha akafanya anachofanya nchi kavu mambo yakiwa mazuri: akanyoosha vidole gumba, vyote viwili.

Bi Zuwena akatikisa kichwa. Akatikisa na mkono. Miaka saba! Lakini Faki alikuwa ameshamshika mkono, anamwonyesha kidole gumba, na hamwachii. Wakapanda polepole, Bi Zuwena akiwa amenuna ndani ya miwani.

Kwenye mita tano wakasimama dakika tatu, kama inavyotakiwa. Bi Zuwena akavuta pumzi. Haikuja. Akavuta tena. Akatazama geji: umejaa. Akapitisha mkono shingoni: hewa imekwisha!

Faki akapapasa mdomo wake wa akiba wa kupumulia. Kumbe aliukunja vizuri mno, na ili usiingie mchanga, akaufunga mafundo mawili. Mize yuko nyuma yao, bado anamchungulia samaki. Na pale pale, mbele ya pua ya Bi Zuwena, mtungi unaning'inia kwenye kamba, una mdomo wake, na vali iko wazi. Akaudaka. Akapumua.

Walipofika botini Bi Zuwena akavua miwani. Kisha akasema, "Nimepata roho, nimekosa samaki. Haya. Aliyeniokoa achukue seti."

"Ni mimi," alisema Mize. "Bila vidole vyangu, hewa ingekuishia kule chini, unamkodolea macho samaki."

"Wewe ulikuwa unasema 'safi'!" Faki akaruka. "Ulikosea!"

"Nilikosea, na tuko juu."

"Bi Zuwena alikataa kupanda. Nani aliyempandisha? Mimi nimeshika sheria hata mwenye sheria alipoiacha."

"Na yale mafundo mawili?" Mize akauliza. Faki akayatazama mapezi yake.

Vuai akapiga chafya. "Nyinyi mlimfikisha mita tano. Kutoka hapo ni mtungi wangu. Niliambiwa nisiutundike, nikautundika."

"Sema kweli," alisema Faki. "Uliutundika kwa usalama, au mtungi ulikuwa unabingirika ukikuponda vidole?"

"Uliniponda," Vuai akakiri, maana ni kijana mkweli. "Lakini vali niliifungua kwa akili, si kwa vidole vya miguu."

Bi Zuwena aliipakata seti ya mumewe. Huwezi kumpa mmoja vesti na mwingine mdomo. "Aliyekosea nikimtuza, kesho mtanipungia vidole mnavyotaka," akasema. "Aliyekaidi nikimtuza, nani atanisikiliza tena? Na wewe, Faki... mafundo mawili, mwanangu!"

Basi nyie mliokaa hapo na hewa ya bure puani, msaidieni. Ila ukimchagua Mize, sema kwa mdomo. Ukininyooshea kidole gumba sitajua kama umekubali au unaondoka. Mmoja alikosea, mmoja alitii, mmoja alikaidi, na mama wa watu yu hai. Je, ile seti ilikuwa haki ya nani?