Yai Moja kwa Mikate Kumi na Miwili

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa pwani aliishi mjane mcha Mungu, Bi Mwanakheri, aliyeoka mikate midogo ya ndizi. Aliponda ndizi zilizoiva hadi maganda yakaingia weusi, akachanganya na unga wa ngano, asali na yai, akaioka kwa makaa juu na chini. Kila alipomimina alisema Bismillahi. Mgonjwa mmoja akaila, akapona, na watu wakaiita mikate ya shifa. Bi Mwanakheri hakusema ndiyo wala siyo. Sifa, ndugu zangu, ni tamu kuliko asali, na biashara yake ilinawiri.

Ikawa Salha, binti wa liwali, amejifungua. Katika arobaini yake alikataa supu ya kuku, akakataa samaki, akashikilia mikate ya shifa asubuhi na jioni. Kufika siku ya kumi na tano maziwa yalikuwa yakimkauka, na mtoto analia kwa njaa. Liwali akamwita mjane yule.

"Bi Mwanakheri, hamia jikoni kwangu. Utaoka maradufu, nami nitakutunza maisha yako yote."

Bi Mwanakheri alimtazama mtoto, akaingiwa na hofu ya Mola wake.

"Bwana wangu, mikate hii si dawa. Ndizi na asali zinatia nguvu, lakini nguvu yenyewe haikai. Na yai ni moja kwa mikate kumi na miwili. Mzazi hapati maziwa kwa chembe ya yai. Mrudishieni supu na samaki, na maji anywe kwa wingi."

Liwali alighadhibika. "Unaikana baraka?"

"Baraka ni ya Mwenyezi Mungu, huiweka atakapo. Mapishi ni yangu, nami nayajua."

Akafukuzwa. Lakini mkunga aliyekuwapo aliyasikia maneno yale, akapika supu, akamsimamia Salha mpaka akamaliza bakuli. Baada ya siku sita maziwa yalirudi na mtoto akashiba, alhamdulillahi. Habari nazo zilikwisha kuenea mjini: wanunuzi wa shifa wakatoweka, Bi Mwanakheri akabaki na wapenda utamu wachache.

Liwali akaenda mwenyewe kumwomba radhi. Akamuuliza, "Hukuogopa kusema kweli mbele yangu?"

Akajibu, "Usinisifu, Bwana wangu. Nilinyamaza miezi saba. Mjukuu wako amelia kwa kimya changu."

Nasi tujihesabu nafsi zetu. Wengi wetu hatusemi uongo. Tunauacha tu upite pale unapotusifu.