Vidole vya Leonia

Mshika mbili moja humponyoka. Methali hii humwonya mtu anayekumbatia mambo mawili kwa pupa, asije akabaki na lile dogo. Leonia wa kijiji cha Mnyambe aliijua vizuri. Shuleni aliwahi kuiandikia insha akasifiwa. Lakini kuijua methali ni kitu kimoja, kuitii ni kingine.

Hoteli moja ya Ushelisheli ilikuwa imekubali kumpa kazi ya jikoni na kumwombea kibali cha miaka miwili. Kwa mshahara ule angemjengea mama yake kisima cha kuvunia maji ya mvua, mama wa watu aache kuteremka bondeni na ndoo kichwani. Zilibaki alama za vidole tu za kibali hicho. Alipoviweka vidole vyake kwenye mashine ya kituo cha kuchukulia alama kule Masasi, taa nyekundu iliwaka mara tatu.

Humphrey, msimamizi wa kituo, aliigeuza mikono ya Leonia akaitazama.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Nabangua korosho, kaka."

"Ndiyo maana. Mafuta ya maganda yamekula ngozi. Pumzika wiki tatu, usiguse korosho hata moja, ngozi itarudi. Lakini mwajiri wako anasubiri mpaka tarehe thelathini. Ikipita, nafasi anapewa mwingine."

Kwa wiki mbili Leonia alitii. Alipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na mama yake akamfanyia kazi zote, hata kufua. Mistari ikaanza kurudi vidoleni. Ndipo alipotokea Mrisho, mfanyabiashara aliyekuwa akimpa kazi kila msimu.

"Nina magunia manne ya haraka," alisema. "Usipobangua wewe, nafasi yako nampa Nuria. Msimu ujao usinilaumu."

"Mwache ampe Nuria," mama alidakia. "Wewe si unaondoka, mwanangu?"

"Na nikikataliwa, mama? Nitarudia nini?"

Akayapokea magunia. Hofu ndiyo iliyomponza, wala si tamaa. Siku ya kwanza alivaa mifuko ya nailoni mikononi, maganda yakaichana. Siku ya pili akajipaka majivu, akajidanganya kwamba yanatosha. Kila usiku alivitazama vidole vyake kwenye mwanga wa simu.

Tarehe thelathini alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Humphrey. Kidole gumba kiliwasha taa ya kijani. Cha shahada, kijani tena. Leonia akashusha pumzi. Cha kati kikawasha nyekundu. Akakifuta kwa khanga, akakibonyeza mpaka kikauma. Nyekundu.

Humphrey aliviona vile vidole vyeusi.

"Ulibangua."

"Kidogo tu, kaka. Jaribu tena, nakuomba."

Alijaribu mara tano. Kisha akasema, "Pole sana, dada," akamwita mtu aliyefuata.

Jioni Leonia alimkuta mama yake mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi huko?"

Leonia alimfunulia viganja. Mama aliviangalia, hakumgombeza. Alikunja ngata, akaiweka kichwani, akachukua ndoo na kuanza kuteremka bondeni. Leonia alilia kwa uchungu na aibu.

Ndani, gunia la mwisho la Mrisho lilikuwa likimsubiri, na nafasi yake ya kubangua ilikuwa bado yake. Hakika, mshika mbili moja humponyoka, na iliyomponyoka Leonia ilikuwa kisima cha mama yake.