Farasi Katika Malisho ya Shekiondo

Mpo? Kama mpo kaeni, maana Shekiondo hatakalika.

Zimwi moja lilimpa Shekiondo farasi. Malisho yake yaliwatosha ng'ombe wawili wa maziwa tu, lakini akamwachia farasi humo humo ili majirani waone fahari. Farasi akaguguna nyasi hadi mizizi. Siku ya kwanza maziwa yakawa nusu kibuyu, ya pili kikombe, ya tatu halikutoka hata tone.

Shekiondo akawaita wakwe. "Mama, mchukueni binti yenu. Anauza maziwa kwa siri!"

Mkewe akaanza kufunga kanga zake, akilia.

Hapo farasi akafumbua mdomo: "Shikamoo, mama! Nyasi nimezimaliza mimi, na aliyenifungulia ni mkweo huyu."

Mama mkwe akajifunika uso. Shekiondo akatafuta pa kujificha. Malishoni hapakuwa na jani hata moja la kumsitiri.

Ngano nimeifunga zizini. Chekeni taratibu, mkewe bado analia.