Pumzi Katikati ya Wimbo

Mtoto anaweza kubebwa na mgongo wowote na kupewa jina lolote, lakini aliyekesha naye akiugua hadanganyiki. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ephraim Tolbert aliielewa methali hiyo akiwa mtu mzima, mwaka ambao wimbo wake ulikuwa vinywani mwa vijana wa Marekani nzima, na hakuna aliyejua kuwa ni wake.

Ephraim, mtu mweusi wa Macon, Georgia, alikwenda New York kutunga nyimbo za rokenroli, muziki uliokuwa ndiyo kwanza unachipuka. Desturi ya kazi ile ilikuwa kwamba mtunzi aimbe kwanza kwenye santuri ya mfano, kisha mwimbaji aichukue akajifunzie. Rusty Calhoun, kijana wa Kizungu mwenye sura ya kupendeza, aliiga santuri ya Ephraim neno kwa neno, hata pale sauti ya mtunzi ilipokatika kuvuta pumzi katikati ya ubeti. Wasichana walizimia kwa mkato ule. Santuri ilipotoka iliandikwa jina la Rusty na la tajiri wake. La Ephraim halikuwapo.

Aliporudi kwao wakati wa Pasaka, alikwenda kunyolewa. Redio ikaupiga wimbo. Ulimi hauna mfupa, akasema, "Huo nimeutunga mimi."

Kinyozi, Bwana Cleophus, akashusha wembe. "Weye? Basi na mimi ndiye niliyemfundisha Daudi zaburi!"

"Acha fiksi, Ephraim," mteja mmoja akadakia. "Yaani huko New York umesomea uongo tu?"

Kabla ya jua kuchwa maneno yalikwishamfikia Mchungaji Pettway. Naye akampelekea habari Bi. Lavinia, mama yake Ephraim: Jumapili mwanawe asimame mbele ya kanisa atubu uongo wake, la sivyo asikanyage tena pale.

Kicheko cha kinyozi Ephraim angekimeza. Lakini kuonekana mwongo mbele ya mama yake kulimchoma moyo. "Mama, unaniamini?" akauliza.

Bi. Lavinia, ambaye nyumbani mwake haukuingia wimbo usiomtaja Yesu, alikuwa akikanda unga. "Nitasemaje na wimbo wenyewe sijausikia? Nenda kwa Hattie hapo jirani, kaazime gramafoni na santuri yenyewe."

Wimbo ukalia. Mama akakunja uso kama aliyelamba ndimu. Kisha sauti ya Rusty ikakatika, ikavuta pumzi kwa mluzi mwembamba, ikaendelea. Bi. Lavinia akaketi ghafla.

"Rudisha hapo," akasema.

Akasikiliza tena, machozi yakimlengalenga.

Jumapili, Mchungaji alipomwita Ephraim mbele, aliyesimama ni mama.

"Mchungaji, huyu alipata kifaduro akiwa na miaka minne. Nilimshika juu ya mvuke wa birika majira yote ya baridi, nikingoja pumzi irudi. Alikuwa akikatika hivi." Akauvuta mpumuo ule. Kanisa zima likashtuka, kwa maana wengi walikuwa wakiusikia redioni, ingawa hakuna aliyetaka kukiri. "Kifua chake hakikupona sawasawa hadi leo. Haya niambieni, yule kijana mwenye kifua kizima ameutoa wapi mkato huo?"

"Mama Tolbert, pengine imetokea tu," Mchungaji akajaribu.

"Kwani nilipokuwa nikikesha naye wewe ulikuwepo? Wimbo wenyewe siupendi, na nyumbani kwangu hautapigwa tena. Lakini mwanangu si mwongo!"

Mchungaji akainamisha kichwa, akafungua kitabu cha nyimbo. Ephraim alilia mbele ya watu, bila haya.

Jina lake halikuandikwa kwenye santuri ile hata siku moja, na Rusty alizeeka akisifiwa kwa pumzi isiyo yake. Nchi nzima iliusikia mkato ule ikacheza, mwanamke mmoja tu aliusikia akalia. Hakika, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.