Jivu Alale Mlango wa Nani

Haya, sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole. Hadithi hii nikiitoa mimi, hata chungu jikoni huacha kuchemka kikasikiliza. Wapo wengine wanaoisimulia, waacheni tu. Wao wameushika mkia. Mimi ninayo yote mpaka kucha.

Huko milimani, mahali ambapo ukungu ukishuka mtu hupotea akitoka kitandani kwenda mlangoni, palikuwa na majirani watatu. Kila mmoja alikuwa na kilima chake na shamba lake la mahindi. Na mahindi ya huko si haya yenu. Hindi moja lilibebwa na watu wawili, begani, kwenye mti, kama mnavyobeba nguruwe.

Wa kwanza aliitwa Ambakisye. Huyu kazi yake kuota. Alichokiota usingizini, akiamka kipo. Akiota mvua, mkewe Sekela alikuwa anaanua nguo kabla mume hajafumbua macho.

Wa pili aliitwa Lugano. Huyu masikio. Alisikia kiazi kikinenepa ardhini. Siku moja sisimizi wa kilima cha pili alikohoa, Lugano akamjibu, "Pole!"

Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, mjane, Tusekile. Huyu mkono. Hakuna mnyama aliyeukimbia mkono wake. Nyuki walimletea asali mlangoni, wakamwomba radhi kwa kuchelewa.

Sasa, Ambakisye alikuwa na shida moja. Nyani. Mlima mzima ulikuwa na nyani, lakini yeye walimpenda zaidi, maana alikuwa akipanda dunguni kulinda shamba, ukungu unakuja taratibu, unamgusa kope, na mwenzenu kalala. Wanakula, wanashiba, wanaondoka. Walivyomzoea walikuwa wanamfunika gunia asipigwe na baridi. Walikula msimu mmoja. Wakala na wa pili.

Sekela akamwambia, "Mume wangu, ndoto zako nzuri. Lakini mimi sijawahi kusonga ugali wa ndoto."

"Nivumilie, mke wangu."

"Nimekuvumilia mpaka nimekonda. Msimu huu wakila tena, mimi kwetu. Wala sitagomba. Utaamka tu, utakuta nimeondoka."

Ambakisye alimpenda mwanamke yule kuliko usingizi, na mnajua usingizi kwake ulikuwa nini.

Dawa ya nyani ni mbwa, lakini si kila mbwa. Yule mwenye fujo, anayetoka mbio akibweka, dume la nyani linamngoja tu, linamshika, linampasua kama gunia la dagaa. Mbwa wa nyani ni yule anayesimama akatazama kwanza. Na huyo humpati akishakua. Unamchagua bado anashika ziwa. Ukikosea kuchagua, umelea maiti.

Ukoo wa mbwa wa namna hiyo ulibaki jike moja tu. Mwenyewe alishakufa, jike likawa linaishi lenyewe msituni. Lilionekana lina mimba, kisha likapotea. Watu walilitafuta mpaka viatu vikaisha, wakaanza kutafuta viatu.

Basi mchana mmoja Ambakisye akalala dunguni, akaota.

Akaona mlima unapumua, unapanda na kushuka kama kifua cha mtoto. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa, na juu ya ukungu kitoto cha mbwa, rangi ya jivu, kinatembea bila kuzama. Kikapita juu ya migomba. Kikapita juu ya mto, na mto ukanyamaza kukipisha. Kikafika penye mti mkubwa ulioanguka, chini ya mizizi yake shimo la nungu, kikaingia. Mle shimoni palikuwa na mwanga mdogo, kama jua limejikunja limelala.

Alipoamka, miguu yake ilikuwa na umande mpaka magotini. Na dunguni hakushuka.

Akaenda kwa Lugano, akamkuta na Mama Tusekile wanamenya viazi.

"Nimemwona mbwa wetu," akasema.

Lugano akacheka. "Umemwona wapi? Au nyani ndio wamekusimulia walipokuwa wanakufunika?"

"Muache aseme," Mama Tusekile akasema. "Wewe ukisikia viazi vinaongea, nani amekucheka?"

Wakaondoka watatu, Ambakisye mbele, macho nusu yamefumba, anafuata ile ndoto kama mtu anayefuata harufu ya kwao. Migomba, mto, mti ulioanguka, shimo. Palepale!

Lakini kuchungulia ndani, lahaula, watoto lundo, na wote rangi ya jivu! Ndoto ilimwonyesha mmoja. Ni yupi? Ambakisye akabaki kama mtu aliyefika harusini akasahau jina la bwana harusi.

Lugano akalala kifudifudi, akaweka sikio mdomoni mwa shimo. Akasikia pumzi zao, na nyuma ya pumzi, mioyo. Mara huko juu dume la nyani likapiga ukelele, ule ukelele unaofanya maji yarudi nyuma mtoni. Mioyo yote mle shimoni ikaanza kwenda mbio kama ngoma za watu waliokunywa. Yote, isipokuwa mmoja. Huo uliendelea polepole, kama mama anayetwanga na hana mgeni.

"Ni yule wa chini kabisa," Lugano akanong'ona. "Aliyebanwa na mgongo wa mama yake. Huyo ameusikia ukelele, akaufikiria."

Na lile jike, mama yao, lilikuwa humo humo. Lilipotoa meno, Ambakisye alijikuta juu ya mti, na mpaka leo haijulikani alipandaje.

Mama Tusekile akavua kitenge, akalala kwenye tope, akaingiza mkono mpaka begani. Jike likamshika kiganja kwa meno. Halikung'ata, na halikuachia. Wakakaa hivyo, mama na mama, ukungu ukija, ukiwafunika, ukiwafunua tena. Tusekile hakuuvuta mkono. Alikuwa anaimba wimbo wa kubembeleza, mdogo, wa puani. Mwisho meno yakalegea, jike likamlamba vidole, likasogeza mgongo lenyewe. Akakitoa kile kitoto cha chini. Kilimtazama, kikapiga miayo.

Wakamwita Jivu. Wakamlea pamoja, pale kwenye kibanda cha katikati ya vilima vitatu. Ambakisye alimpa maziwa, Lugano alimzoesha sauti za msituni, Mama Tusekile alimfundisha kukaa. Kukimbiza hakumfundisha mtu.

Alikua haraka kuliko mahindi ya msimu ule. Alipokuwa mbwa kamili, nyani wakashuka, jeshi zima, mlima ukabaki na upara. Jivu akatoka kwenye ukungu anatembea, wala hakubweka. Akapita katikati yao mpaka kwa lile dume kubwa, akakaa mbele yake kwa adabu, akalitazama. Likapiga kifua. Jivu akatazama. Likatoa meno. Jivu akatazama, kama anayemngoja mtu amalize kusema uongo. Dume likageuza uso. Likaondoka, na wote nyuma yake. Walikimbia nyani wale! Mkisikia radi ng'ambo ya mlima, ndio wao, bado hawajafika.

Hao walikwenda. Lakini msitu haukosi nyani wengine, na mahindi sasa yalikuwa yanatoa ndevu.

Basi ikawa hivi. Mbwa wa nyani analinda shamba la mlango anaolala. Vilima vitatu hawezi, kuna mabonde katikati. Wakajaribu kumzungusha, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akaharibika! Akawa anajilaza njia panda, kichwa juu ya miguu, nyani wawili wanampita na hindi begani, yeye kimya, kama mgeni asiyejua la kukataza. Ikabidi mlango uwe mmoja.

Wakakutana.

Ambakisye akasema, "Bila ndoto yangu mngekuwa bado mnatafuta viatu. Na mke wangu anaondoka, jamani."

Lugano akasema, "Bila sikio langu ungeokota wa fujo, saa hizi kapasuliwa. Mimi watoto wangu wanakula viazi tu tangu waote meno. Na matumbo yao nayasikia, ndugu yangu, kila tumbo nalisikia."

Mama Tusekile akasema, "Mlikiona, mlikisikia. Nani alikishika? Na nyie mna wa kupokezana naye dunguni. Mimi nina nani?"

Hakuna aliyesema uongo, hilo ndilo lililowaumiza.

Ukungu ukafunguka kidogo, Sekela akatokea. Kichwani kikapu chenye nguo zake, mkononi jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tua mzigo."

"Ndaga, mama, asante, lakini sitatua. Njia hii inashuka kwetu, na ile inapanda shambani." Akamtazama mumewe, kisha akawatazama wote. "Niambieni mbwa analala wapi, nijue cha kutupa, kikapu au jembe."

Ambakisye alifungua mdomo, akamwona Lugano ameziba masikio kwa viganja, akamwona Mama Tusekile anaufuta mkono wake kwenye kitenge, ule ule. Akaufunga mdomo. Jivu amelala njia panda, anawatazama mmoja mmoja, wala hana haraka.

Haya, nyie mnaojua kila kitu. Aliyemwota, aliyemsikia, au aliyemtoa? Semeni upesi, shingo ya Sekela si ya chuma. Ungekuwa wewe, ungemlaza Jivu mlango wa nani?