Pimbi Anamlazimisha Kiboko Kushinda

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, vibaraza na ligi yao ya bao, timu ya Majabalini ilikuwa haijashindwa miaka mitatu. Nahodha wake alikuwa Pimbi, binti mfupi kuliko kinu cha mama yake.

Ligi hiyo ilikuwa na desturi: timu inayoshinda fainali huwalisha walioshindwa siku saba. Na kila mwaka walioshindwa walikuwa Kiboko na wadogo zake wawili.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Asubuhi ya fainali mama yake Pimbi alimwita ghalani akamwonyesha mtama uliobaki. Gunia moja tu, nalo la mbegu.

"Wale wakija, hili halifiki jioni," mama alisema. "Halafu tutapanda nini, mwanangu?"

Pimbi aliwaendea wenzake, mjomba Nungu na Kicheche, akawasihi mechi iahirishwe. Nungu alisimamisha miiba yote. Akasema yeye hachekwi na viboko kwa ajili ya gunia.

Basi wakaenda kucheza. Nungu akashinda. Kicheche akashindwa, maana mdogo wake Kiboko alijisahau akamla kete zote. Kiboko, badala ya kumpongeza mdogo wake, alimvuta pembeni.

"Umeshinda ili nani apike?" alimfokea.

Pimbi alisikia. Kumbe miaka yote hiyo hawakuwa wajinga wa bao. Walikuwa wanakuja kula!

Ukabaki mchezo wa mwisho, Pimbi na Kiboko, timu zikiwa sare, moja kwa moja. Kiboko alianza kuharibu kwa ufundi mkubwa. Pimbi akaharibu zaidi. Lakini bao lina sheria: ukiwa na nafasi ya kula kete za mwenzako, lazima ule. Pimbi akawa anazipanga kete zake hivi kwamba kila zamu Kiboko alibaki na njia moja tu, nayo ni ya kula.

Mkono wa Kiboko ulielea juu ya shimo. "Hii siitaki," alinong'ona.

"Utakula, mzee. Mwamuzi anaona."

Korongo, mwamuzi, akanyoosha shingo. Kiboko akala. Tak, tak, tak, kete zikahamia kwake.

"We mtoto, hebu cheza vizuri. Watu wanakutazama."

"Nimezidiwa, mzee. Leo umeamka na bao lako."

Akala tena, na tena, jasho likimtiririka, mpaka safu ya mbele ya Pimbi ikawa tupu. Korongo akatangaza mshindi. Majirani wa mtoni wakashangilia, na Kiboko akakaa chini, puu.

Pimbi akampa mkono kwa heshima. "Hongera, mzee. Jioni tunakuja, na mama, na shangazi zangu kumi na wanne. Uji tunapenda mzito."

Mama alipopata habari alilikalia lile gunia, akashusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka machozi. Nungu yeye alinuna njia nzima. Alinuna hadi sahani ya tatu kwa Kiboko. Kwenye ya nne alikiri kwamba hajawahi kushindwa vizuri namna ile.

Basi, wadogo zangu, mtu akikubali kushindwa nanyi kila mwaka, chunguzeni anachokula baada ya mchezo.