Kengele Iliyogongwa Mara Tatu

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa mwenye miguu. Ndiyo, sote tuna miguu, lakini ya huyu ilikuwa miguu kweli. Alianza kukimbia tangu ujana, na hata mvi zilipomwingia hakuna kijana aliyemfikia kwenye mlima. Kuimba hakujua, na akisimamishwa kusoma somo alitetemeka. Akasema moyoni, "Bwana, wengine umewapa sauti. Mimi nitakutumikia kwa hiki nilicho nacho." Hilo ni neno jema, ndugu zangu. Msimcheke.

Sasa, kanisa lake lilikuwa na mtaa wa misheni huko nyikani, kilomita tisini, na mtaa huo ulikuwa umekaa miaka sita bila mwinjilisti. Aliyekuwapo alifariki, na wa kumrithi hakupatikana kwa kuwa mshahara haukuwapo. Mzee akajitolea kukimbia kwenda na kurudi, washarika watoe ahadi kwa kila kilomita. Washarika wakafurahi. Nani asifurahi, mwenzake akikimbia? Lakini wakaweka masharti. Atoke Alhamisi alfajiri, arudi kabla ibada ya Jumapili haijaisha. Akichelewa, hakuna ahadi. Na akifika kule agonge kengele ya mtaa mara tatu, na dereva wa pikipiki atakayembebea maji amrekodi kwa simu, asije mtu akasema aliishia njiani.

Kengele za namna ile mnazijua. Ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo, na kipande cha chuma cha kuigongea.

Alifika Ijumaa, jua la utosi. Kucha mbili za miguu zilikuwa zimeng'oka na soksi zimelowa damu. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa, nyasi zimeota kizingitini. Akaokota chuma, akagonga. Moja. Mbili. Tatu.

"Imeingia, mzee," akasema dereva. "Tugeuze."

Hajamaliza hata kunywa maji, mama mmoja akatokea mbio, mikono imejaa unga.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Karibu, baba, karibu sana! Mume wangu ni mgonjwa, amekwisha kabisa. Kila siku ananiuliza, hivi mimi nitazikwa bila kuombewa, kama mtu asiye na kanisa? Leo ameisikia kengele, akajiinua mwenyewe kitandani! Ngoja vijana wamlete. Ni hapo tu, nyuma ya kilima."

Mzee akatazama saa, kisha akatazama miguu yake. Aliijua vizuri "hapo tu" ya nyikani.

"Mama, mimi si mchungaji. Nimekuja kugonga tu, nirudi. Nakimbia ili ninyi mletewe mwinjilisti."

"Kwani wewe husali, baba?"

"Nasali, mama. Nitamwombea njiani."

Na kweli alimwombea, msidhani alikuwa mwongo. Alipofika bondeni akaisikia kengele nyuma yake, na safari hii haikugongwa mara tatu, iligongwa mfululizo bila kupumzika. Akadhani wanampongeza. Akainua mkono juu bila kugeuka, akaendelea kukimbia.

Jumapili aliingia kanisani akichechemea, kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Kina mama walimtandikia kanga apite juu yake. Ahadi zikalipwa zote, hata za wale wagumu ambao kila kanisa linao. Haikupita miezi mitatu mwinjilisti akapatikana, na mzee akapewa heshima ya kumpeleka kwa gari.

Wakafika. Hakuna aliyekuja kuwapokea. "Ngoja niwaite," mzee akasema, akaiendea nguzo. Nguzo ilikuwapo, rimu haikuwapo. Yule mama alikuwa anapita na mzigo wa kuni, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Mama, kengele iko wapi?"

"Tuliishusha, baba."

"Kwa nini?"

Akatua kuni zake taratibu. "Siku ile vijana walimbeba na kitanda chake. Mimi nikabaki hapa nagonga. Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi, usikie, urudi. Ukanipungia mkono. Walipomfikisha akaniuliza, mchungaji yuko wapi? Alikata roho hapo hapo uliposimama. Ndipo tukaishusha, isije ikamdanganya na mwingine."

Mzee akakaa chini penye vumbi, na ile miguu yake ikakataa kumwinua.

Ndugu zangu, huyu mzee alikosa nini? Hakuiba. Hakudanganya. Alimwaga damu yake kwa kilomita mia na themanini, na mwinjilisti akapatikana kweli. Kilichobaki kilikuwa kuvuka kilima kimoja. Lakini nani alikuwa ameweka ahadi kwa kilima kile? Hakuna. Sisi tulihesabu kilomita zote isipokuwa ya kilima kile. Nasema sisi, maana masharti yale ni yetu, na vigelegele vile ni vyetu.

Asubuhi ya leo kengele yetu imelia, imesikika hadi kule bondeni. Mnadhani hakuna mgonjwa aliyejiinua kitandani? Mnadhani hamna humu, kwenye mabenchi haya, mtu aliyekuja kwa sababu ameisikia, na kila Jumapili anatuona tunampungia mkono tukitoka? Tunawahi wapi? Nani ametushikia saa?

Nilitaka kusema tusimame tuombe. Hapana, leo kaeni. Mgeukie aliye karibu nawe, umuulize nani mgonjwa nyumbani kwake. Kisha umngoje, mpaka amalize kujibu.